Namba 68 Iliyosomwa 63: Uchambuzi wa Kisa cha Pini Nne

Matokeo ya awali ya mbio za baiskeli yalipobandikwa, nafasi ya nne ilikuwa ya namba 63. Namba 68 haikuwemo kabisa kwenye kumi bora. Mwenye 68 alijua kwamba ni watu watatu tu waliomtangulia mstarini, kwa kuwa aliiona migongo yote mitatu mbele yake. Alijua pia kwamba mwenye 63, mwenzake wa timu moja, hakuwa karibu naye hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi.

Kisa hiki nimekiunda mwenyewe ili tupate kitu cha kuchambua kipande kwa kipande, hivyo mtu asiyatafute mashindano haya kwenye kumbukumbu. Mazingira yake ni haya. Ni mbio za mzunguko mfupi, waendeshaji wapata hamsini. Kila mmoja amepewa karatasi moja ya namba na pini nne. Hakuna chipu (kifaa kidogo cha kielektroniki kinachomtambua mwendeshaji anapopita mstarini) kwenye baiskeli wala kibao cha namba kwenye fremu. Mwongozo wa mashindano unasema namba ikae ubavuni upande wa kulia, na isomeke mwendeshaji akiwa ameinama, kwa sababu kamera ya mstarini na meza ya waamuzi viko kulia. Timu yao imepewa namba 61 hadi 68, na wote wamevaa jezi za aina moja. Kundi limefika pamoja na kumalizia kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa.

Ukiuliza kwa haraka utaambiwa aliibandika vibaya, basi. Jibu hilo silipendi, maana mwendeshaji huyu alifuata kila alichoambiwa. Namba ilikuwa kulia. Haikukunjwa, haikukatwa, haikufunikwa na koti la mvua. Pini zote nne alizitumia, kila moja kwenye tundu lake. Na katika mizunguko yote ya awali, waamuzi waliokuwa wakiandika namba kila kundi linapopita walimsoma bila shida yoyote. Namba ilishindikana kusomeka mara moja tu, nayo ndiyo mara iliyohesabika.

Kilichokuwemo kwenye picha

Kamera ya mstarini haipigi picha kama simu. Inatazama ukanda mwembamba sana uliosimama wima juu ya mstari wa kumalizia, inauandika ukanda huohuo maelfu ya mara kwa sekunde, kisha vipande vyote vinapangwa ubavu kwa ubavu hadi vinakuwa picha moja ndefu. Kwa hiyo kwenye picha hiyo kulia na kushoto si mahali, ni wakati. Kila kitu unachokiona kilikuwa juu ya mstari kilipoandikwa, na ndiyo maana mandhari ya nyuma huonekana kama michirizi mitupu. Nafasi ya mtu huamuliwa na ukingo wa mbele wa tairi lake la mbele unapogusa mstari. Namba haiamui nafasi. Kazi yake ni kumwambia mwamuzi lile tairi ni la nani.

Sasa tupige hesabu. Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Tuseme kamera inaandika safu 2,000 kwa sekunde: kila safu inabeba kama milimita 8 za mwili na baiskeli inayopita. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, zinataka namba ya mwilini iwe na upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 18, tarakimu ziwe na kimo cha sentimita 10, na unene wa mstari wa tarakimu uwe sentimita 1.5. Karatasi ya upana huo inapita mbele ya kamera kwa sehemu moja ya mia ya sekunde hivi na kupata safu kama ishirini. Mstari mmoja wa tarakimu unapata safu mbili, basi.

Zitazame tarakimu 3 na 8. Zinatofautiana upande wa kushoto tu: 8 imefungwa, 3 iko wazi. Zile pinde mbili za kushoto za 8, ambazo machoni mwetu ni wino mwingi, kwa kamera ni safu chache. Ukizificha hizo, hakuna mwamuzi duniani atakayekusomea 8.

Mwamuzi alipoikuza picha, ndivyo ilivyokuwa. Ile 6 ilikuwa safi. Baada yake palikuwa na kivuli chembamba kilichosimama wima, na baada ya kivuli nusu ya kulia ya tarakimu. Karatasi ilikuwa imevimba sehemu yake ya mbele, na tundu moja la mbele lilikuwa limechanika hadi pembeni.

Kabla ya kuendelea, kuna maelezo mawili yaliyofaa kuondolewa njiani. La kwanza ni kufunikwa. Nyonga ya mwendeshaji iko nyuma ya ukingo wa tairi lake la mbele kwa kama mita moja, maana yake namba inafika mstarini sekunde 0.06 baada ya tairi. Katika muda huo mfupi bega au mkono wa mtu aliye upande wa kamera unaweza kuingia katikati, na picha ikawa na tairi linalojulikana na namba isiyoonekana. Hutokea sana kundi likimalizia bega kwa bega. Hapa haikutokea, upande wa kulia wa mwendeshaji wetu palikuwa wazi.

La pili ni namba kugeuzwa juu chini. Anayebandika namba ubavuni kwa ajili ya kusomeka akiwa ameinama lazima aelekeze kichwa cha tarakimu kwenye uti wa mgongo. Akikielekeza tumboni, 68 inakuwa 89. Namba kama 66 inakuwa 99, na 69 inabaki 69, ambayo angalau haimdhuru mtu. (Wenye namba 13 huigeuza makusudi ili kukwepa mkosi, na waamuzi wengi wa mbio kubwa huwaachia, 13 iliyogeuzwa haifanani na namba nyingine, kwa hiyo haina hatari.) Mwamuzi alilifikiria hilo pia kisha akaliacha, kwa kuwa 6 ilikuwa imesimama sawasawa.

Mfuko uliokwisha chakula

Kivuli kile cha wima kilitoka wapi? Hapa ndipo kisa kinapopata utamu, na jibu limeanzia saa mbili kabla ya mstari.

Mwendeshaji alibandika namba akiwa amesimama, jezi mwilini, mifuko ya mgongoni imejaa chakula na tyubu ya akiba. Karatasi ilikaa nusu juu ya mfuko wa kulia na nusu juu ya mdomo wa mfuko, kwenye kitambaa kitupu. Mfuko ulivyokuwa umefura, karatasi ilivutika vizuri, ikaonekana imekaa barabara. Mwenzake akamwambia iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa, kwa mtu aliyesimama na mfuko uliojaa.

Mbio zikaendelea, akala. Mfuko ukasinyaa. Karatasi haisinyai pamoja na mfuko, hivyo ile iliyokuwa imevutika ikalegea. Mdomo wa mfuko unakata mgongo kwa upana. Mwendeshaji akiinama, mstari huo unasimama wima machoni pa mtu aliye kando ya barabara. Karatasi iliyolegea hukunjika pale panapobadilika chini yake, yaani kwenye mdomo wa mfuko, katikati ya karatasi kwa mbele kidogo. Ukiwa na tarakimu mbili, hapo ndipo unapokaa upande wa kushoto wa tarakimu ya pili. Kunjo likameza pinde za 8.

Lakini kwa nini haikuonekana mapema? Kwa sababu ndani ya kundi upepo ni mdogo. Aliye katikati ya watu amekingwa, na karatasi iliyolegea inalala tu mgongoni. Mwisho wa mbio alichomoka, akaingia kwenye upepo mtupu kwa mita mia mbili za mwisho, na hapo karatasi ikageuka tanga. Hewa ya kawaida ikikukabili kwa kilomita 60 kwa saa ina msukumo wa karibu paskali 167. Karatasi ya sentimita 16 kwa 18 ikisimama yote mbele ya upepo huo inavutwa kwa niutoni 4.8, karibu uzito wa nusu kilo. Haisimami yote, bila shaka. Chukua robo tu: bado ni niutoni 1.2, na pini mbili za mbele zinaubeba mvuto huo kwenye matundu ya karatasi iliyokwisha lowa jasho. Na kwa wanaojali miguu kuliko matokeo, niutoni 1.2 kwa mita 16.7 kwa sekunde ni wati 20. Watu hununua kofia za bei mbaya kwa ajili ya wati chache kuliko hizo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini pini nne zinamtosha mkimbiaji wa miguu. Msukumo wa hewa unaongezeka kwa mraba wa kasi. Anayekimbia kilomita 20 kwa saa anapata moja ya tisa ya msukumo huo, tena namba yake iko kifuani na upepo unaigandamiza mwilini. Mwendesha baiskeli ana kasi mara tatu na ukingo wa namba unaotazama upepo uso kwa uso. Pini nne na matundu manne vimetoka kwenye ulimwengu wa wakimbiaji, na sisi tumevipokea bila kuhoji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likisemwa, nalo linaufanya upande wa kulia kuwa mgumu kuliko wa kushoto. Mtazame mwendeshaji ukiwa upande wake wa kulia: anaelekea kulia kwako. Namba unaisoma kutoka kushoto kwenda kulia, yaani kutoka nyuma ya mwili kwenda mbele. Tarakimu ya mwisho ndiyo iliyo karibu na kichwa chake, ndiyo inayokutana na upepo kwanza. Timu zinapopewa namba zinazofuatana, tarakimu ya kwanza ni ya timu nzima na ya mwisho ndiyo ya mtu. Kwa hiyo namba ya kulia ikianza kuvimba, inapoteza kwanza tarakimu pekee inayowatenganisha watu wenye jezi moja. Kwa upande wa kushoto ni kinyume: inayoumia ni tarakimu ya timu, ambayo jezi yenyewe inaweza kuisemea.

Ilivyopaswa kubandikwa

Mahali kwanza. Namba ishuke hadi juu tu ya mdomo wa mfuko au iende pembeni zaidi kuelekea mbavu, mradi isikae nusu huku nusu kule. Jezi nyingi hazitoi nafasi hiyo kwa ukarimu, na wakati mwingine karatasi yote italazimika kukaa juu ya mfuko. Si vibaya, ila basi mfuko huo uwe mtupu wakati wa kubandika na ubaki mtupu, au ubebe kitu ambacho hakitaliwa. Chakula kihamie mfuko wa katikati na wa kushoto. Pini ipite kwenye ngozi ya nje ya mfuko peke yake. Kila unapofunga pini moja, ingiza mkono mfukoni uhakikishe hujaushona. Mfuko ulioshonwa hugunduliwa njaa inapouma, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Pili, mkao. Anayebandikiwa ainame kama yuko juu ya baiskeli, ashike ukingo wa gari au siti ya baiskeli yake, viwiko vimekunjwa. Mgongo ukiinama hurefuka na jezi hunyooka nao; karatasi hainyooki. Namba iliyobandikwa kwenye jezi iliyotandazwa mezani itavuta kitambaa mtu akiinama, na kila mvuto utaishia kwenye tundu la pini. Asiye na msaidizi aketi, aivute jezi juu ya paja lake ili kitambaa kitanuke karibu na kitakavyotanuka mwilini, kisha abandike hapo. Si sawa na kubandikiwa, lakini ni bora mara nyingi kuliko meza.

Tatu, matundu ya kiwandani uyasahau. Pini inayopita kwenye tundu inaishika karatasi mahali pamoja, inazunguka ovyo, na karatasi inacheza juu yake. Toboa karatasi yenyewe, sentimita moja hivi kutoka ukingoni: sindano iingie kutoka juu, ipite karatasi na kitambaa, isafiri chini yake kidogo, itoke tena juu kupitia kitambaa na karatasi, ndipo uifunge. Karatasi sasa imeshikwa mara mbili na pini moja na haiwezi kuzunguka. Pini za ukingo wa mbele zilale sambamba na ukingo huo, ili ziwe kama mshono. Pini iliyokaa kukata ukingo huacha mdomo kila upande wake.

Idadi? Nane ni mwanzo mzuri: pembe nne na katikati ya kila upande. Mimi huongeza ya tisa na ya kumi kwenye ukingo wa mbele na sioni haya. Anza na ukingo wa mbele wote, kisha vuta karatasi taratibu kuelekea nyuma ukimalizia na ukingo wa nyuma, ili ulegevu wowote usukumwe nje badala ya kubaki katikati. Ukianza na pembe nne, ulegevu wote unaufungia ndani. Mwendeshaji wetu alifanya hivyo, kama watu karibu wote.

Kisha jaribu. Pitisha kidole chini ya ukingo wa mbele: kikiingia, upepo nao utaingia. Mwambie mtu anyooke, ainame, ajipinde kushoto na kulia. Sikiliza kama inapiga kelele akianza kupasha misuli. Namba inayosikika bado haijabandikwa.

Pini, kwa njia, ni kongwe kuliko mchezo wenyewe. Walter Hunt, Mmarekani, alipata hati ya uvumbuzi wa pini ya aina hii mwaka 1849 na kuiuza kwa dola 400; mbio za baiskeli zinazotajwa sana kuwa za kwanza zilifanyika Saint-Cloud, karibu na Paris, mwaka 1868. Katika muda wote huo tumebadili vyuma, gia, magurudumu na vitambaa, na bado namba tunaishikiza na kifaa kilekile.

Gundi ya kupuliza ipo, na kwenye suti za kubana za mbio dhidi ya saa, ambako kila mtu huendesha peke yake, inafanya kazi vizuri kuliko pini yoyote. Puliza nyuma ya namba, subiri hadi inate kwenye kidole, bandika juu ya suti iliyo mwilini, kandamiza kingo. Kwenye mbio ndefu za joto siiamini peke yake, kwa kuwa jasho hutoka ndani na kuisukuma. Weka pini kwenye ukingo wa mbele hata ukitumia gundi. Suti nyingine zina mfuko wa plastiki angavu wa kutelezeshea namba. Ni nadhifu sana, ila plastiki inang'aa juani na kamera inaweza kukuta doa jeupe badala ya tarakimu. Waulize waamuzi kabla ya kuitegemea. Kukunja namba, kuikata pembeni ili iwe ndogo, au kuifinyanga mkononi ili ilainike ni habari nyingine: kanuni za UCI zinataka namba ishikizwe vizuri, isikunjwe wala kubadilishwa, na ionekane na kusomeka wakati wote. Wanaopenda kuifinyanga hujitetea kwamba karatasi laini inalala vizuri. Inalala, lakini tarakimu yenye makunyanzi ndiyo hasa ambayo safu ishirini haziwezi kuisoma.

Uamuzi

Mwamuzi mkuu hakuanza kwa kumsikiliza mlalamikaji, na hapo namsifu. Aliirudia picha yote, tairi kwa tairi, hadi mtu wa mwisho. Namba 63 ilijitokeza mara mbili: nafasi ya nne na nafasi ya kumi na saba. Ya kumi na saba ilikuwa safi kabisa, karatasi imelala, tarakimu zote mbili wazi. Namba 68 haikuwepo popote, ingawa orodha ya mizunguko ilionyesha alipita na kundi zikiwa zimebaki raundi moja. Namba nyingine zote za 61 hadi 67 zilikuwa zimepatikana kila moja mahali pake.

Halafu akamwita mwenye 63, bila kumwonyesha matokeo, akamuuliza amemaliza wapi. "Nyuma huko. Nilifungiwa kona ya mwisho, hata aliyeshinda sijamjua." Ushahidi huu una uzito kwa sababu aliyeutoa alikuwa anapoteza nafasi ya nne kwa kuutoa. Neno la mwenye 68 mwenyewe halikuhitajika, na ndivyo inavyotakiwa. Mwamuzi akianza kuwapanga watu kwa wanavyokumbuka, kila mbio itaisha na washindi watano.

Basi 68 akawekwa wa nne, 63 wa kumi na saba, na 68 akapewa onyo kwa namba isiyosomeka. Alilalamikia onyo. Alisema alitumia pini alizopewa, kwenye matundu aliyopewa, upande alioambiwa. Namwelewa, lakini onyo lilistahili. Wajibu wa namba kusomeka ni wa mwendeshaji hadi mstarini, na wapo waamuzi ambao wangemwacha bila nafasi kabisa, wakiwa ndani ya haki yao. Kilichomwokoa ni bahati mbili: namba ya mwenzake ilisomeka vizuri kule nyuma, na kunjo liliacha 6 nzima. Lingemeza zote mbili, hakuna hesabu ya kutoa na kubakiza ambayo ingemfikisha popote.

Swali ambalo mtu huuliza hapa ni kama chipu ingemaliza ubishi. Ingesaidia kujua nani, si nani kwanza. Chipu hufungwa kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) au sehemu ya nyuma ya fremu, haiko kwenye ukingo wa tairi, na kwa kasi hii sentimita moja ni sekunde 0.0006. Kwa watu wawili waliopishana nusu gurudumu picha ndiyo inayoamua. Ila chipu ingemwonyesha mwamuzi kwamba 68 alipita mahali fulani kati ya wa tatu na wa tano, na kosa lingeonekana kabla ya karatasi kubandikwa.

Sehemu ya waandaaji

Waandaaji nao wana sehemu yao, na si ndogo. Kwenye mbio za barabarani UCI inataka namba mbili za mwilini pamoja na kibao kwenye fremu. Moja peke yake ni ya mbio dhidi ya saa, ambako mtu anafika mstarini akiwa peke yake. Mbio za milimani huweka kibao kwenye usukani pamoja na namba ya mgongoni. Mpangilio huo wote umejengwa juu ya dhana kwamba namba moja itashindwa. Mashindano haya yalitoa moja, yakaweka kamera moja, upande mmoja, kisha yakazipa timu namba zinazofuatana. Kibao cha fremu, ambacho hakitoki jasho wala hakina mfuko chini yake, kingemaliza kisa hiki kabla hakijaanza.

Lililo rahisi zaidi halina gharama. Mtu mmoja akisimama mahali pa kuanzia na kuangalia nyonga za kulia, huku akiwaambia waendeshaji wainame kidogo, angeona nusu ya namba za siku ile zikiwa na ukingo wa mbele ulio wazi. Na bahasha ya namba ingekuwa na pini nane, watu wangezitumia nane. Wanatumia nne kwa sababu wamepewa nne.

Jambo la mwisho linahusu kubandika matokeo. Mwamuzi wa kwanza alisoma tairi kumi za mbele, akaandika, akabandika. Angesoma hadi mwisho angekutana na 63 ya pili mwenyewe. Na tazama ni nani mwingine angelalamika: hakuna. Wa tano alibaki wa tano, wa kumi alibaki wa kumi, aliyepewa nafasi ya bure alikuwa mwenye 63 ambaye hakuwa hata amekwenda kusoma ubao. Kosa la namba aghalabu huwa hivyo, lina mlalamikaji mmoja tu, na muda wa malalamiko ni dakika chache baada ya karatasi kupanda ukutani. Orodha ya awali isibandikwe hadi namba zote zilizoanza ziwe zimepatikana kwenye picha au zimeandikwa kuwa zimejitoa, kila moja mara moja tu.